Ukweni kwa Gari la Viti Viwili

Tangu niwakabidhi funguo za stoo na kuitundika ovaroli yangu msumarini, mmekuwa mkinisumbua niandike nilivyofanya kazi, ati mafundi wapya wapate cha kujifunza. Haya, naandika. Lakini msitegemee kusoma habari za vyeo, maana mimi na vyeo hatukuwahi kufahamiana vizuri. Ninayoyakumbuka ni yale ya chini ya gari, na mengi katika hayo ni makosa yangu mwenyewe. Nimeona heri niyaseme kabla hamjayasikia kwa mke wangu, ambaye huyasimulia vizuri zaidi.

Siku ya kwanza kazini nilikwenda nimevaa suruali ya tetroni ya kuazima na shati jeupe. Hiyo ilikuwa karakana ya umma, hapahapa Kibiti, kabla hatujaanzisha hii yetu. Fundi mkuu alikuwa Mzee Ngwele, Mmatumbi mrefu, mkimya, aliyekatwa kidole kimoja na mkanda wa feni na asiyependa kuulizwa kilikokwenda. Aliniangalia kuanzia kola hadi viatu, akaniuliza kama nimekuja kazini au nimekuja kuposa. Kisha akanitia chini ya lori lililokuwa likivuja oili. Jioni nilimrudishia kaka yangu suruali yake, na tangu siku ile hakuniazima tena kitu cha kuvaa.

Mzee Ngwele hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno. Alikuwa anakuita, anafumba macho, anaiacha injini ingurume, halafu anakuuliza umesikia nini. Ukisema hujasikia kitu, anakurudisha kuosha nati kwa mafuta ya taa. Mimi niliosha nati miezi minne. Wakati ule niliona ananionea, na nilimsema vibaya kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza, pamoja na muuza kahawa ambaye kumbe alikuwa mpwa wake.

Safari yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa Salale, ndani huko kwenye mikoko, kutengeneza injini ya boti iliyokuwa ikikusanya kamba wabichi kwa wavuvi. Nilipewa spana moja tu ya kumi na saba, na mzee akaniambia niifunge kwa uzi kwenye kifundo cha mkono. Niliona ni mambo ya kitoto. Kabla ya saa nne asubuhi spana ilikuwa imezama. Nikasubiri maji yapwe, nikaingia kwenye tope hadi kiunoni, nikapapasa kutwa nzima huku wanawake waliokuwa wakichambua kamba wakinielekeza, kila mmoja upande wake, na wote wakicheka. Spana niliipata. Ndala yangu moja ipo kule mpaka leo.

Mwaka uliofuata nikatumwa peke yangu Ngarambe, kwa gari la mradi wa kilimo lililozimika njiani likakataa kuwaka. Nilifika na uso wa kazi. Nikafungua kabureta, nikaipanga vipandevipande juu ya gunia, nikasafisha plagi, nikakagua pointi, wanakijiji wamenizunguka wananisifia. Mchana dereva akaja akaniuliza kwa adabu kama nimetazama tangi. Tangi lilikuwa kavu. Niliporudi kutoa taarifa, Mzee Ngwele alinisikiliza mpaka mwisho, akasema angalau kabureta sasa ni safi. Hakulitaja tena jambo lile, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu.

Kisha ikaingia miaka ya ruksa. Ninyi mliozaliwa juzi hamjui ladha yake. Zamani ukitaka mpira wa breki uliandika barua, ukasubiri mpaka gari likaota nyasi. Mara tukaanza kuona spea zinauzwa mezani kando ya barabara, pamoja na sabuni, betri za redio na nguo za mitumba. Pikapu za Kijapani zikawa zinapita kwenda kusini. Karakana ya umma ikafungwa, tukaagana. Mzee Ngwele akarudi kwao kulima, mimi na wenzangu wawili tukasimamisha mabati haya mnayoyaona. Nikaitwa fundi mkuu, na hapakuwa tena na mtu wa kunirudisha kuosha nati. Kiburi kikapata pa kukaa.

Siku moja likaja lori limebeba kitu kilichofunikwa turubai. Mwenye mali alikuwa Bwana Nassoro, wa ukoo wa wafanyabiashara wa ule mji wa zamani wa mtoni. Gari lilikuwa la marehemu baba yake, alilolinunua ujanani: la Kiingereza, la michezo, milango miwili, viti viwili, bila paa. Miaka ile mali ilipoanza kuulizwa maswali, mzee alilisukuma ghalani, akalifunika kwa magunia ya korosho, akafa bila kuliendesha tena. Sasa Bwana Nassoro alikuwa anamwoza binti yake na alitaka bwana harusi aje nalo. Tulipovua turubai nililizunguka mara mbili. Lilikuwa jekundu lililopauka, panya wamezaa kwenye kiti cha dereva, na bado lilikuwa zuri mno. Watu wa Kibiti walilitazama, wakaliita Kiatu, kwa jinsi lilivyolala chini na kwa kuwa halikuwa na nafasi ya kupakia hata kuku.

Kiatu kilininyoosha. Nati zake zilikuwa za inchi na spana zetu zote za milimita, kwa hiyo nikachonga spana kwa tupa, moja baada ya nyingine. Kabureta zake zilikuwa mbili, na lazima zivute pamoja. Nilizisikiliza kwa kipande cha mpira wa maji nilichokitia sikioni, nikakaza robo mzunguko huku, nikalegeza robo kule, siku tatu mfululizo, mpaka zikapatana. Gasketi nilikata kwenye boksi gumu la sabuni. Vingine jamaa za mwenye gari walivileta kutoka Dubai. Mwezi wa tatu kikaunguruma. Bwana Nassoro alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, lakini akaweka sharti: nikijaribu hapahapa mjini, nisivuke mikorosho ya mwisho. Nikasema inshallah. Mafundi tunaijua inshallah ya namna hiyo.

Sasa niwaambie la nyumbani. Mke wangu Zuhura ni wa Mkongo. Siku zilezile mtu wa kwao alipita na salamu kwamba mama yake ana homa na kikohozi, na anamuulizia bintiye. Zuhura akataka kupanda lori la mchele kesho yake. Nikamwambia asubiri, nitampeleka mwenyewe, tena kwa Kiatu. Nilijisemea ni kikohozi tu, na kikohozi kinasubiri. Ukweli ni kwamba nilitaka kufika ukweni kwa kishindo. Siku nilipokwenda kuoa nilifika nimekaa juu ya magunia ya chumvi, na shemeji yangu Shomari hakuacha kunikumbusha. Basi nikasema kesho, nikasema keshokutwa, nikisubiri rangi ya boneti ikauke. Siku kumi zikapita. Zuhura alisubiri kwa sababu nilimwahidi, na hilo linanichoma mpaka leo.

Lazima pia mjue adabu ya ukwe ya huko, maana vijana wa siku hizi mnakaa na mama wakwe zenu kwenye kochi mnatazama televisheni. Kwa watu wa mke wangu, mwanamume na mama mkwe hawakai mkeka mmoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Akija njiani, wewe unaingia kichakani. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka kumi na miwili, na uso wa Bi Mwanakombo sikuujua. Neno lake kwangu lilipitia kwa mtu, na akikosekana mtu lilipitia kwa ukuta: mwambieni mkwe uji uko tayari, na mkwe nimekaa upande wa pili wa ukuta huohuo nasikia kila kitu. Si uadui, jamani. Ni heshima, na mama yule aliishika kwelikweli.

Tulitoka asubuhi ya Jumamosi. Zuhura alivaa doti mpya ya kanga, na mtandio wa rangi ya machungwa. Mimi nilivaa miwani ya jua niliyoipata kwenye mitumba. Tulipita sokoni polepole kuliko ilivyolazimu. Tulipoifikia mikorosho ya mwisho nilitazama upande mwingine, nikaivuka kwa bahati mbaya. Upepo ukamvua Zuhura mtandio, akaudaka, akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu tupate mtoto wa pili. Wallahi, kwa muda wa nusu saa hapakuwa na mwanamume mwenye furaha kama mimi wilaya nzima. Akaniambia kumbe naweza kumpeleka mahali bila mkoba wa spana. Sikumwambia kuwa mkoba ulikuwa chini ya kiti chake.

Tulipoiacha barabara kuu na kushika njia ya Mkongo, mchanga ukaanza. Gari liko chini, mchanga uko juu, injini ikachemka. Tukasimama kwenye kijiji kimoja penye kisima, na watu wakajaa. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye somo. Kila mmoja wenu nilimwambia siku ya kwanza: usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto. Nimeliandika ukutani kwa rangi, mnalisoma kila siku mkinywa chai. Lakini pale kijijini kulikuwa na watu kama thelathini wananitazama, miwani imenikaa vizuri, na mzee mmoja akauliza kwa sauti kama kazi hii haihitaji kuitiwa fundi.

Nikaufungua. Maji yakaruka, yakanibabua mkono wa kulia kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Nilitoa sauti ambayo si ya fundi mkuu. Zuhura akanimwagia maji ya kisima, ndoo baada ya ndoo, akanifunga mkono kwa mtandio wake. Ningependa angenifokea.

Mkono wa kulia ukawa hauna kazi tena. Usukani niliushika kwa kushoto, na gia akabadili yeye, kwa kuwa fimbo ya gia iko katikati ya viti viwili. Nikikanyaga klachi nasema mbili, anasukuma mbili. Nasema tatu, anasukuma tatu. Mara ya kwanza gia zilisagana kwa mlio ulioniuma kuliko mkono. Baada ya maili chache akawa ananyoosha mkono kabla sijasema. Nikamuuliza amejuaje. Akasema anaisikia injini inavyochoka. Mimi niliosha nati miezi minne ili nilisikie hilo.

Mkongo tuliingia nikipiga honi kuanzia nyumba ya kwanza. Hakuna aliyetoka kushangilia. Uani tulimkuta shemeji Shomari na baiskeli yake, wanawake wa ukoo wamekaa mikekani, na Bi Mwanakombo yuko ndani, ameketi ameegemea ukuta kwa sababu akilala pumzi inakata. Sikumwona. Nilimsikia kupitia dirishani: pumzi fupi, kavu, inayokwama juu kifuani. Sijui tiba, lakini kitu kinachoelekea kuzimika nakijua. Mganga wa zahanati alikuwa ameshamwona asubuhi ile, akasema ni kichomi, tena cha pande zote mbili, afikishwe Kibiti leo hii. Lori la mchele lilikuwa limeondoka tangu jana, na Shomari alikuwa akifunga mto kwenye kibebeo cha baiskeli yake.

Zuhura aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka. Akanijia mpaka nilipokuwa nimesimama kando ya Kiatu na miwani yangu mfukoni.

“Siku kumi,” akasema. “Siku kumi ananiulizia.”

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na gari langu, hata kama gari lenyewe si langu.

Basi ikawa kazi ya kugawana viti viwili. Mimi niendeshe na mama akae kando yangu? Hapo ni bega kwa bega na mkwe wake njia nzima, na mkwe mwenyewe ana mkono mmoja. Dereva mwingine pale kijijini hakuna, na gia nani atabadili? Fimbo ile iko kati ya goti la dereva na goti la abiria. Nilipowaza Bi Mwanakombo akinibadilishia gia nilitokwa na jasho jipya. Wazee wakaanza kujadiliana kama dharura inaondoa mwiko. Mmoja akasema inaondoa. Mwingine akasema inaondoa, ila si kwa mkwe anayejiunguza mwenyewe. Mimi nilikuwa tayari kuvunja mwiko wowote ule, nikawaambia hivyo. Lakini mwenye mwili akatuma neno kutoka ndani, nusu nusu, kwa kukatika pumzi: heri afe kwenye mkeka wake kuliko kufa amemwegemea mkwe.

“Naendesha mimi,” Zuhura akasema.

Shomari alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Nikavua ndala zangu mbili, nikamwomba Shomari moja, nikazipanga mchangani tatu sambamba: klachi, breki, mafuta. Kikaletwa kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, maana ndicho kiti pekee pale nyumbani kilicho chini kama kiti cha Kiatu. Zuhura akakikalia, miguu mbele, ungo mkononi kuwa usukani, akawa anakanyaga ndala nikitaja, na mimi nanguruma kwa mdomo kama injini. Nilikuwa naogopa mno hata sikuona aibu. Robo saa tulifanya vile. Kisha tukaenda kwenye kiwanja cha mpira cha shule. Mzunguko wa kwanza alizima mara tatu. Wa pili alizima mara moja. Nikasema inatosha, kwa sababu hapakuwa na muda wa wa tatu.

Shauri langu lilikatwa na Bi Hadija, shangazi yake Zuhura. Alisema mkwe akae nyuma, juu ya buti, atazame walikotoka. Walinigeuza uso kwenye banda la kuku wakati wakimtoa mama na kumketisha, kisha wakaniita nipande kinyumenyume. Nikakaa mgongo wangu ukielekea migongo yao, dumu la maji mapajani, mkono mzima umeshika ukingo, miguu inaning'inia juu ya namba ya gari. Ndivyo nilivyoondoka ukweni, mimi niliyetaka kufika kwa kishindo.

Kumbukeni sikuwa naiona njia. Nilichokiona ni vumbi letu wenyewe, na watu waliosimama kando ya mashamba ya mpunga wameshika viuno wakinitazama. Kila nilichojua kilipitia masikioni. Injini ikizama napiga kelele, klachi, mbili. Ikichangamka, tatu. Mchanga ukianza kuvuta nasema usiguse breki, usiuzungushe usukani, kiache kitambae chenyewe. Nilikuwa nimesahau kwamba hata sauti mkwe huificha. Nilimpigia mama wa watu makelele kichwani kama mnadi samaki.

Kwenye korongo moja lenye maji haba na mawe, akazima. Kukawa kimya, na katika kimya kile pumzi ya mama niliisikia fupi zaidi kuliko pale dirishani. Zuhura akajaribu kuwasha, Kiatu kikaruka kama chura, kikazima tena. Akasema hawezi, yeye si dereva, atamuua mama yake kwa mikono yake mwenyewe.

“Zuhura,” nikamwambia nikiwa nimetazama huko nilikotazama, “mimi ni fundi mkuu, na leo nimefungua rejeta ya moto. Huwezi kukosea zaidi ya hapo.”

Nilimsikia akitoa pumzi, sijui kama alicheka au alilia. Akatia moja, akaachia klachi polepole, tukapanda.

Injini ikachemka tena kabla ya kufika barabara kuu, na nikamwambia Zuhura asimame. Hapo niliusubiri mfuniko upoe. Nilimwaga maji kwa nje, kidogo kidogo, nikasubiri, nikagusa, nikasubiri tena. Nilikuwa nimehama kutoka juu ya buti kwenda mbele kwa kuzunguka upande wa dereva, uso nimeuinamisha chini, nikitazama matairi tu. Pumzi moja, kimya, pumzi moja. Kusubiri kule ndiko kulikokuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya katika ufundi, na sikushika hata spana.

Tulipopanda barabara kuu, Zuhura akatia nne, upepo na mlio wa injini vikazidi, na pumzi ya mama nikawa siisikii tena. Nikamwita Zuhura kwa jina la mwanetu, Mama Asha, mama vipi? Hakunijibu. Nikaita tena. Kimya. Ningeweza kugeuka, shingo yangu ilikuwa nzima. Sikugeuka. Nilikuwa nimekwisha kumnyima mama yule binti yake siku kumi kwa ajili ya rangi ya boneti. Nikaona nikimnyima na heshima yake, tena katika dakika zake za mwisho, sitajisamehe. Nikalia. Naliandika bila haya, nililia mpaka vumbi likaganda mashavuni, na huku nalia nataja gia.

Kibiti tuliingia hivyo, mchana kweupe, siku ya soko: mwanamke kwenye usukani, kando yake mama wa kizee amefunikwa shuka, na juu ya buti fundi mkuu anayemfahamu kila mtu, uso wa udongo, ametazama nyuma. Bwana Nassoro alikuwa amesimama mbele ya karakana akiniulizia. Nilimwona baada ya kumpita, ndiyo faida ya kukaa kinyume. Nilimpungia mkono uliofungwa mtandio.

Kwenye kituo cha afya Zuhura alisimamisha gari kwa kulizima, maana klachi na breki kwa pamoja hatukuwahi kujifunza vizuri. Wauguzi wakamchukua mama. Alikuwa hai. Nilimuuliza Zuhura kwa nini hakunijibu njiani, akasema kichwa chake kilikuwa na nafasi ya kitu kimoja tu, na kitu hicho kilikuwa barabara. Daktari alituambia baadaye kwamba kama asingefika jioni ile, asingeiona asubuhi. Zuhura aliposikia hivyo aliketi chini, palepale kwenye sakafu ya baraza, akaushika mkono wangu mzima, na tukakaa hivyo mpaka jua likapungua.

Bwana Nassoro alikuja kwa miguu. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Alikizunguka Kiatu, akatazama mchanga uliojaa kwenye rejeta, akauliza mgonjwa ni nani. Nikamwambia ni mama mkwe. Akauliza hali yake, nikamwambia anatibiwa. Akauliza breki zinashika. Nikasema sijui, sikuwa nikiendesha mimi. Akautazama mkono wangu, akaniuliza taratibu kama ni rejeta. Nikakubali. Akasema sharti nimelivunja, lakini mtu hamdai mkwe aliyepeleka mgonjwa. Adhabu yangu itakuwa yeye kuisimulia habari ya rejeta mwenyewe, kila mahali. Aliisimulia mpaka kwenye harusi ya binti yake, mbele ya bwana harusi, na mimi nimekaa na sahani ya pilau.

Siku ya tano nilipeleka uji wodini. Zuhura alikuwa amekwenda kufua. Nikasimama mlangoni, uso nimeuelekeza nje, nikakohoa ili muuguzi aje aupokee. Hakuja mtu. Nikakohoa tena. Ndani, Bi Mwanakombo akavuta pumzi, ndefu, haikukwama popote, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili akasema nami bila kupitia kwa mtu wala kwa ukuta.

“Kutoka Mkongo mpaka Kibiti umenipigia kelele kisogoni,” akasema. “Haya geuka, mwanangu, nikuone na uso.”

Nikageuka.